Moto wa Vyungu Hauulizi Damu

Kaeni. Lugano, liache hilo begi hapo mlangoni, gari la Wilson halijafika, na hata likifika litasubiri. Mimi nimewabeba ninyi miezi tisa kila mmoja, Wilson hashindwi kunisubiri nusu saa. Beatrice, wewe mzaliwa wangu wa kwanza, sogea hapa karibu na kichwa changu nikuone. Diana, kitindamimba, weka simu yako irekodi, iweke juu ya kigoda isianguke, kwa sababu haya nitakayosema sitayasema mara mbili, pumzi haitoshi. Na wewe Neli, mama Jackson, uliyesimama nje ya kizingiti kama mtu aliyekuja kuomba moto wa kuazima, ingia ndani. Najua una miaka miwili na zaidi hujakanyaga humu. Mimi ndiye niliyekuita, ingia, ukae juu ya mkeka.

Sasa sikilizeni, wanangu. Mimi Angetile, binti Andongwisye, mfinyanzi wa hapa Lyulilo, mjane wa Zebedayo, nina miaka sitini na sita na akili zangu ninazo zote. Madaktari wamefanya yao. Nimesafirishwa hadi mjini, nimepigwa mionzi ya kansa wiki baada ya wiki, na mara ya mwisho daktari alivuta kiti akanishika mkono, nami nikajua tu, daktari akivuta kiti habari imekwisha. Akaniambia kilichobaki ni dawa ya kutuliza maumivu. Hiyo ninayo chupani, na Diana anajua kunipimia. Kwa hiyo nakufa. Msilie bado, siku za kulia mtapewa nyingi. Mimi leo nina hasira, na mwenye hasira anataka kusikilizwa kwanza.

Nianze na mali, maana nisipoanza nayo kuna watu hapa hawatasikia mengine. Shamba la kokoa la Bujonde aliloliacha baba yenu halikatwi vipande; ni lenu watatu, Lugano atalisimamia kwa niaba ya wote, na asije akaamka siku moja akasema ni lake kwa sababu ana ndevu. Majaruba ya mpunga ya Ngonga ni ya Beatrice na Diana, sawa kwa sawa, na akitokea baba mdogo yeyote kusema mwanamke harithi jaruba, mwekeeni rekodi hii, asikie sauti yangu akiwa amekaa. Mtumbwi ni wako Lugano, kwa sharti kwamba utawaletea dada zako udongo kutoka Ikombe kila watakapouhitaji, bila kununa. Nyumba hii ni ya Diana. Hana mume na wala hamtafuti, mwacheni apumue.

Kimebaki kitu kimoja, nacho ndicho kilichonifanya niwaite. Umebaki moto.

Nitaueleza kwa ajili ya wajukuu watakaoisikia simu hii siku nyingine. Sisi wanawake tisa wa upande huu kila mmoja hufinyanga vyungu vyake na kuving'arisha kwa jiwe lake, lakini siku ya kuchoma tunavipanga pamoja lundo moja, pale kwenye mchanga nyuma ya nyumba, kuni chini na nyasi juu, na anayewasha ni mtu mmoja. Huyo anaitwa mwenye moto. Bibi yangu Marta ndiye aliyeweka kanuni, na sisemi ni ya kabila letu lote la Wakisi, nasema ni ya kwetu hapa: mwenye moto sharti awe mwanamke aliyekwisha kukoma kuona siku zake, kwa sababu eti damu ya mwezi hupasua chungu. Msimu mmoja wa enzi zake lundo zima lilipasuka, vyungu arobaini, na binti mmoja akaungama kwa machozi kwamba alikuwa mwezini naye ndiye aliyewasha. Basi, kesi ikaisha hapo. Hakuna aliyeuliza kama vyungu vilikuwa vimekauka. Na ilikuwa Aprili! Aprili yetu ya Kyela mnaijua, mvua inanyesha mpaka chura anatafuta pa kujikinga.

Nilipofika miaka arobaini na sita mwili ulianza vurugu zake. Mwezi unaruka, mwezi unakuja mara mbili, joto linanipanda katikati ya ibada najipepea na kitabu cha nyimbo mpaka mchungaji anadhani nimeguswa na mahubiri. Nikawauliza wakubwa, wakasema ni ukomo huo, vumilia. Sikwenda kupima, nikavumilia, na kwangu mimi wakati ule ulikuwa ukomo kweli, Kyala, Mungu wetu, alinihurumia. Lakini nilijifunza somo baya pale, wanangu. Nilijifunza kwamba damu ya mwanamke mtu mzima haina maana yoyote, ni ya kuvumilia tu. Kupona kwa bahati nikakuita maarifa.

Nikakoma. Nikapewa moto nikiwa na miaka hamsini na miwili. Msinicheke, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Baba yenu, Mungu amrehemu, alinipa heshima ya mke wa fulani. Moto ulinipa heshima yangu mwenyewe. Wanaume wenye mitumbwi walikuwa wananiamkia kwanza kule sokoni. Siku ya kuchoma nikisema leo upepo si mzuri, wanawake wanane wanakaa chini. Miaka kumi na mmoja nimekaa na moto ule, bila tone la damu.

Halafu Jumatatu moja, nikiwa na miaka sitini na mitatu, nafua, nikaona doa.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Sikuogopa ugonjwa. Ugonjwa haukunipitia hata akilini! Niliogopa moto. Nilisema moyoni, wakijua hawa wanane, watasema Angetile hakuwa amekoma, alitudanganya, na moto atapewa mwingine. Basi nikaficha. Nikakata kanga kuukuu vipande, nikawa navificha kwenye kile chungu kikubwa kilichopasuka mdomo, nyuma ya choo, na kwenda kuvifua mtoni kabla wenzangu hawajateremka. Damu ikakoma, ikarudi. Yakaja maji yenye harufu, nikanunua sabuni ya kunukia. Kiuno kikauma, nikasema ni kuinamia udongo. Wauguzi wakaja wakatangaza kanisani, wanawake njooni mpimwe mlango wa kizazi, ni bure, mimi nikakunja mikono nikasema hayo ni ya wanaozaa bado, mimi nimeshavuka. Miezi kumi na minane, wanangu, mpaka nilipofikishwa hospitali. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami methali hiyo nimewaimbia wenzangu misibani mara ngapi? Mwenye kuimba ndiye aliyekuwa haisikii.

Aliyeona ni Neli. Alinikuta mtoni, nikakalia kitambaa, nikachelewa. Akaniambia, nakumbuka neno kwa neno, "Mama Beatrice, mtu aliyekoma hatoki damu tena. Hiyo si kitu cha kulala nacho. Twende hospitali kesho, nitakusindikiza." Mimi nikamwambia, "Unautaka moto wangu." Sikuishia hapo. Nikaenda kwa wenzangu nikasema Neli ana kijicho, vyungu vyake visipangwe na vyetu, vitatuletea nuksi. Na wakamtenga, kwa sababu mwenye moto amesema. Toka siku ile Neli anachoma vyungu vyake peke yake, vitano vitano, kwa kuni za kuokota, huku mimi natembea kifua mbele nikivuja.

Mama Jackson, nisamehe. Sikuombi kwa sababu nakufa, wanaokufa wanaomba kila kitu. Nakuomba kwa sababu ulisema kweli nami nikakufanya mwongo mbele za watu. Diana, mpe lile jiwe jeusi lililo chini ya mto wangu. Ni jiwe la kung'arishia la bibi Marta, watatu hawa wameliwania tangu utoto, na leo si lao. Ni lako, Neli. Usiseme hapana, sina nguvu za kubishana na wawili, na kuna mwingine anafuata.

Haya. Lugano, unakwenda wapi? Kaa. Najua unaona aibu, mama kutaja mambo haya mbele ya mwanawe wa kiume, wazee wangesema nimerukwa. Wewe ulitoka katika mwili huu, usione haya kusikia habari zake. Una mke, una mabinti wawili. Mkeo akikuambia anaona damu baada ya kulala nawe, utamjibu nini, utaangalia chini hivyo hivyo? Kaa usikilize. Na wakija shuleni na ile chanjo ya wasichana, mabinti zako wachanjwe, usije ukabeba maneno ya kijiweni kwamba inafunga uzazi.

Niliyoyajua nimeyajulia wodini, kwa wauguzi na kwa wanawake waliolala kulia na kushoto kwangu, na ninawaachia kama ninavyowaachia majaruba. Mwili unapojiandaa kukoma una vurugu zake, siku kuruka, joto, usingizi kukatika, hasira za bure. Hizo zipo, na mwenye nazo asiogope hovyo. Lakini damu inayokuja kwa mafuriko na mabonge, au inayokuja katikati ya mwezi bila mpango, au baada ya tendo la ndoa, hiyo usiiite ukomo kabla hujaangaliwa. Na ukishamaliza mwaka mzima hujaona kitu, halafu likaja tone, hata liwe dogo kama mbegu ya mchicha, ondoka siku hiyo. Usingoje la pili. Yule mama aliyelala kushoto kwangu, wa kule milimani, hakuona damu hata kidogo: tumbo lake lilijaa tu, akawa anashiba kwa matonge mawili, anakwenda haja ndogo kila saa, akameza dawa za minyoo miezi mitano. Kumbe ni kansa ya mifuko ya mayai. Mwenzenu alikuwa ananiambia, "Mama, mimi niliambiwa nimenenepa, nikafurahi."

Na kupima si kama wanavyosema. Wanakupaka siki pale kwenye mlango wa kizazi, wanangoja kidogo, wanaangalia. Wakiona pamegeuka peupe wanapatibu pale pale pengine, kabla hapajawa ugonjwa. Basi, unarudi nyumbani kupika. Diana, una miaka thelathini na minne, hujapimwa, na huna dalili. Ndiyo wakati wenyewe, kipimo hiki kinawafaa hasa wasio na dalili. Lakini siki inaona mlango tu. Damu ikiwa inatoka hovyo uwaambie waangalie na ndani ya mji wa mimba, kwa ile mashine ya picha, na wakitaka kuchukua kinyama wapime, wachukue. Mkijibiwa ni umri tu kabla hamjaguswa, msiondoke kwenye benchi. Kaeni. Mara nyingi wataangalia na kukuta si kansa, uvimbe tu, au homoni, mtarudi mkicheka. Ndiyo maana ya kwenda. Anayecheka amejua, si kama mimi niliyekuwa nacheka sijui.

Nipe maji, Diana. Kidogo... Basi.

Sasa kanuni ya bibi Marta. Nimewasha moto miezi kumi na minane nikivuja damu, kila baada ya wiki mbili. Hesabuni wenyewe ni malundo mangapi. Mnajua vilipasuka vyungu vingapi? Vile vile vya siku zote, kimoja hapa, viwili pale, vile ambavyo Diana hana subira ya kuvikausha. Mke wa mchungaji anapikia maharage chungu kilichochomwa na mwanamke anayevuja, na maharage yanaiva, na mchungaji anaongeza sahani! Chungu kinapasuka kwa unyevu. Bibi yangu nilimpenda, nitamkuta huko niendako, nitamwambia hivyo hivyo usoni. Moto hauulizi damu. Tangu leo sharti lile limekufa, limetangulia mbele yangu, mimi ndiye niliyelizika.

Beatrice.

Usiangalie mkeka, niangalie mimi. Una miaka arobaini na saba. Pasaka iliyopita ulisimama mbele ya wanawake wote ukasema umekoma, una mwaka na zaidi hujaona siku zako, na wakakupigia vigelegele kwa sababu walijua moto unakuja kwako. Nami nilifurahi. Wiki iliyopita nilimtuma Diana akakitupe kile chungu kilichopasuka mdomo, nyuma ya choo. Akakuta vitambaa ndani. Akaniletea, akidhani ni vyangu vya zamani. Vyangu nilivichoma moto mwanangu, kimoja kimoja, siku niliyotoka hospitali. Hivi vilikuwa vibichi. Na kimoja ni cha ile kanga yako ya Krismasi.

Hujaniambia. Umenigeuza kitandani hapa kila asubuhi, umenisafisha, umeona ugonjwa huu umenifanya nini, na jioni umekwenda kuficha vitambaa vyako katika chungu kile kile! Nilipovishika mikononi nilitaka kukuchapa. Kisha nikalia, kwa sababu niliona sikukufundisha kitu kingine chochote vizuri kama nilivyokufundisha kuficha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa, lakini kwenu mkuu mwenyewe ndiye aliyevunjika, mtasikia la nani?

Kwa hiyo sikia. Moto ni wako. Nakupa sasa hivi, mbele ya ndugu zako, mbele ya Neli na mbele ya simu hii. Uwe umekoma, uwe hujakoma, uwe unavuja hapo ulipokaa, ni wako, na hakuna mwanamke wa kukunyang'anya. Wala sikuwekei sharti, maana sharti ndilo lililoniua. Huna tena cha kuficha. Umebaki wewe na hiyo damu, na inabidi tujue inatoka wapi.

Mnasikia honi? Ni Wilson huyo.

Hapana, Lugano. Ondoa mikono. Usininyanyue, gari si langu. Ninyi mlidhani nimekubali kurudishwa hospitali, mimi nilisema tu gari liitwe. Mimi nafia hapa, ninapousikia ufukwe, na chupa yangu ya dawa. Fungua hilo begi, Beatrice. Fungua. Ni nguo zako. Diana alizipanga jana nikimwelekeza, kanga mbili, sweta kwa sababu ukipewa rufaa ya kwenda Mbeya kule kuna baridi, na kadi yako. Utakwenda leo, ukaangaliwe leo, na Neli atakusindikiza. Aliniambia mimi atanisindikiza, nikamtukana. Wewe usimtukane.

Unalia. Lia. Unasema Jumatatu? Mimi Jumatatu zangu zilikuwa sabini na zaidi, nilizimaliza zote, sina hata moja ya kukuazima. Unaogopa utarudi hutanikuta. Pengine hutanikuta. Afadhali wewe ukose kunizika kuliko mimi niliye kaburini nikupokee mapema. Inuka. Mama Jackson, mshike mkono, ni mzito huyu tangu utotoni. Siku moja alikataa kwenda shule nikambeba mgongoni mpaka mlango wa darasa. Leo mgongo sina.

Njoo kwanza. Inama. Kyala akutangulie barabarani, akufumbue mdomo mbele ya daktari usimfiche hata doa moja. Akupe siku nyingi, uzeeke mpaka usahau ulikoma lini. Nenda. Ndaga fijo, asante sana mwanangu, kwa kunisafisha. Ndaga fijo, Neli.

...

Limeondoka? Mlango wa gari umelia mara mbili. Wawili, basi, wote wameingia. Vizuri.

Diana. Vyungu viko tayari nje, kesho ni Jumamosi, soko. Mwenye moto amesafiri, nenda ukawashe sasa hivi kwa niaba yake. Najua uko mwezini, uliniambia mwenyewe jana. Ndiyo maana nakutaka wewe. Wenzako wakishangaa, waambie Angetile amesema, waje humu waniulize upesi. Anzia upande wa ziwa, upepo ukusaidie. Simu iache, iendelee.

Lugano, nishike huu mkono. Si kwa nguvu. Fungua dirisha... Mzikeni mama yenu bila makeke, karibu na baba yenu. Pendaneni. Mkeo, umpeleke, umesikia. Kyala awabariki wote, wana wenu na... na wana wao. Nimechoka, baba.

Nausikia moshi. Nyasi zimeshika.

Vikipasuka... semeni ulikuwa unyevu.